Panzi Katulia

Niseme kwanza kwamba mimi si mtu wa kuambiwa. Mke wangu atawathibitishia, tena bila kuombwa. Kazi yangu ni visima. Mwaka wa ishirini na mbili huu nashuka kwenye mashimo ya watu, natoa tope, natoa sufuria, natoa viatu vya watoto, na siku moja nilitoa mbuzi mzima ambaye mwenyewe alikuwa ameshampeleka jirani polisi kwa wizi. Kwa hiyo mtu akianza kunifundisha hatari za kisima, damu inanichemka.

Asubuhi ile shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye hunishikia kamba, alituma ujumbe kwamba kiuno kimemkamata, hawezi hata kuinama kufunga kiatu. Na mimi nilikuwa na kazi ya haraka. Nyumba ya wapangaji kumi na wawili ilikuwa siku ya nne haina maji, na mwenye nyumba, mama mmoja mwenye sauti ya kukata mbao, alikuwa ameshanipigia simu mara tano kabla sijanawa uso. Nikamtazama binti yangu aliyekuwa anakunywa chai. Ana miaka kumi na saba, shule zimefungwa, mikono ina nguvu.

"Panzi," nikamwambia, "vaa viatu vya kazi. Leo wewe ndiye shemeji."

Akacheka. Mama yake hakucheka.

"Baba Panzi, huyu hashiki kamba."

Jina la Panzi hatukumpa sisi, alijipa mwenyewe kwa miguu. Akiwa na miaka minne alipanda kabati la vyombo likaja naye chini, sahani zote zikaisha, yeye akatoka katikati ya vipande anauliza chakula kiko tayari au bado. Akiwa na sita, mwalimu alikuwa anaandika neno moja tu kwenye daftari lake kila Ijumaa: hakai. Nilijaribu yote. Niligomba, nilichapa, nilimfunga kwa kitambaa kwenye mguu wa meza ili amalize kula, akaiburuta meza mpaka uani. Alipofika minane tukampeleka kwa daktari. Daktari alimtazama akikizunguka kiti kama mara thelathini hivi, kisha akatuambia kwamba watoto wengi wa namna hii wakikua miguu hutulia, tusihofu. Lakini umakini, akasema, haufuati miguu kila mara, kwa hiyo msije mkaacha kumwangalia eti kwa sababu amekaa. Mke wangu alisikia yote. Mimi nilisikia mpaka "tusihofu", nikaanza kutafuta kofia yangu.

Na kweli miguu ilitulia. Kwenye kumi na mmoja alikuwa haruki tena, anatikisa goti tu chini ya dawati. Kwenye kumi na tatu goti likaacha, kikabaki kidole kinachozungusha kifungo cha shati. Kwenye kumi na tano hata kifungo kikapumzika. Siku ya wazazi mwalimu akamsifu mbele ya watu: huyu binti anakaa kama maji mtungini. Wiki nzima nilitembea kifua mbele. Samaki mkunje angali mbichi, nikamwambia mke wangu, na mimi nilimkunja, ona alivyokunjika.

Sasa mke wangu huyo huyo alikuwa amesimama mlangoni.

"Amekua," nikasema. "Ulikuwa unamlilia Panzi wa zamani, yule keshaondoka."

"Yule wa zamani ningempa kamba," akasema. "Alikuwa anaruka lakini yupo. Huyu juzi nimemwacha na maziwa jikoni, akayasimamia mpaka yakafura, yakamwagika yote, na anayatazama. Anayatazama, Baba Panzi, macho wazi!"

"Maziwa si baba yake."

"Haya. Asiyesikia la mkuu..."

"Wewe ndiye mkuu siku hizi?"

Nikabeba winchi begani, Panzi akabeba mkoba wa vifaa, tukaenda.

Kisima kilikuwa uani, nyuma ya nyumba, futi arobaini na tano kwenda chini, kimejengwa kwa matofali ya zamani. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mashine ya kusaga unga. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo sikulipenda, kwa sababu mashine ikiwaka, hata ukipiga kelele mpaka koo lipasuke, aliye juu hakusikii. Ndiyo maana kazi yetu ina kamba mbili. Nene ni ya winchi, inafungwa kwenye mkanda wa kiunoni, winchi ina meno ya kuizuia isirudi nyuma. Nyembamba ni ya kuzungumzia. Ncha moja naifunga mkononi mwangu, nyingine anaishika aliye juu.

"Rudia," nikamwambia Panzi.

"Mvuto mmoja ni 'upo?' Najibu mmoja, 'nipo'. Miwili, nishushe. Mitatu, nipandishe."

"Na mitatu ikija unafanya nini?"

"Nazungusha winchi. Siulizi kwa nini."

Tukawasha mshumaa ndani ya kopo, tukaushusha mpaka chini. Ukarudi unawaka. Kwa sisi watu wa visima hiyo ndiyo ruhusa. Ukirudi umezimika, huko chini hakuna hewa, na anayeshuka hapandi. Nikavaa kofia ngumu, nikauchukua mshumaa uleule, nikashuka.

Maji yalikuwa yamebaki ya magotini, na chini yake tope limelifunika bomba la kunyonyea. Nikaanza kuchimba pembeni ya bomba kwa koleo fupi. Mshumaa niliutundika kwenye msumari ukutani, usawa wa kifua changu. Saa nzima ya kwanza, niseme ukweli, Panzi alinishikia kamba kuliko mjomba wake. Nikivuta "upo?", jibu linafika kabla sijaushusha mkono. Kamba ilikuwa imenyooka muda wote, naisikia ikitembea na yeye, anazunguka mdomo wa kisima, anarudi, anazunguka tena.

Tatizo lilikuwa mchanga. Kila alipozunguka, mchanga ulinidondokea. Kwenye kofia, shingoni, ndani ya shati. Nikavumilia. Halafu likaja jiwe. Dogo, la ukubwa wa punje ya karanga, lakini kutoka futi arobaini na tano likanipiga begani mpaka mkono ukafa ganzi. Nikavuta mara tatu kwa hasira. Akanipandisha haraka, anahema, uso umejaa jasho na furaha.

"Vipi, Baba, tayari?"

"Tayari nini? Unataka kuniua?" Nikamwonyesha bega. "Huu ni mdomo wa kisima au uwanja wa mpira? Sheria ya kwanza ya kazi hii, hata mjomba wako na tumbo lake anaijua: anayeshika kamba hasogezi mguu!"

Furaha ikamtoka usoni. "Samahani. Nitakanyaga polepole."

"Hukanyagi kabisa. Unakaa."

Nikachukua tofali la saruji, nikaliweka hatua tatu kutoka kwenye mdomo wa kisima, mbali ambako hata akitikisika mchanga haufiki. Nikamkalisha. Nikampakatisha kamba, nikaambatanisha miguu yake mwenyewe kwa mikono yangu, kiatu na kiatu, kama nilivyokuwa nikifanya alipokuwa na miaka sita.

"Baba," akasema, "nikikaa hivi sitaiweza."

"Utaiweza nini?"

"Kamba. Nikitembea ndiyo naishika. Nikikaa nakuwa... sijui niseme vipi. Naomba nisimame tu, mahali pamoja."

"Mtoto wa miaka minne ndiye hawezi kukaa," nikamwambia. "Wewe ni mtu mzima. Mwalimu wako anakusifu kwa watu, mimi baba yako unaniletea upanzi? Tulia. Itazame kamba, ikitingishika ujue ni mimi."

Akatulia. Mwenye nyumba alikuwa anapita na ndoo tupu, akasema, "Una binti mtulivu, fundi. Wangu mimi ni vichaa." Panzi akainuka kunishusha kwa winchi, akarudi kukaa, na mimi nikafika chini nimeridhika.

Chini kukawa safi. Hakuna punje ya mchanga. Nikajisifu moyoni, nikavuta "upo?". Jibu likaja, limechelewa kidogo. Nikaendelea kuchimba. Baadaye nikavuta tena. Nikahesabu mpaka ishirini ndipo jibu likaja, tena legelege. Ni kwa sababu kamba imelegea, nikajiambia. Kwa kumweka mbali nilikuwa nimeipa kamba urefu wa ziada, ikawa imelala juu ya matofali, siyo mkononi mwake. Nilipaswa kupanda nikarekebishe. Lakini nilikuwa nimebakiza tope kidogo tu bomba lifunguke, na mimi nimeshawaambia, si mtu wa kuambiwa, hata nikijiambia mwenyewe.

Nikaingiza koleo chini kabisa, nikalikandamiza kwa mguu. Tope likafanya mlio, likatoa mapovu makubwa, na harufu ya mayai yaliyooza ikanipanda puani. Upande wa pili wa ukuta, mashine ya kusaga ikawaka.

Nikaugeukia mshumaa. Mwali ulikuwa umekonda. Nikautazama ukipungua, ukawa wa bluu, ukawa nukta, ukazima.

Miaka ishirini na mbili na sikuwahi kuzimikiwa mshumaa nikiwa chini. Nikavuta kamba mara tatu, kwa nguvu.

Kimya.

Nikavuta tena, moja, mbili, tatu. Juu kulikuwa na duara la mwanga la ukubwa wa sahani, na hakuna kichwa ndani yake. Nikaita, "Panzi!" Mashine ikaimeza sauti yangu kabla haijafika nusu ya kisima. Nikaita tena, na hapo nikagundua kwamba kuita kunanimalizia pumzi, na pumzi niliyovuta badala yake haikuwa na kitu. Kifua kinapanda na kushuka bure.

Nikaligonga bomba kwa koleo. La plastiki. Ligonge mpaka kesho.

Ndugu zangu, niliogopa. Sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilimwona mke wangu mlangoni, nikautukana mshumaa, nikamtukana mwenye mashine, nikamtukana mwanangu tusi ambalo sitalirudia. Amelala, nikasema. Mtoto wangu wa kumzaa amelala na mimi nakufa.

Hewa chafu hukaa chini, hilo kila mzibua visima analijua. Kwenye matofali kulikuwa na vitundu vya kukanyagia vya zamani, vimejaa ukungu. Nikakanyaga cha kwanza. Cha pili. Mkono uliopigwa na jiwe ulikuwa haushiki vizuri, nikautumia hivyohivyo. Kwenye cha sita nikapata pumzi yenye maana kidogo, nikaikumbatia. Nikanyoosha mkono kutafuta cha saba. Hakikuwepo. Tofali lilikuwa limebomoka zamani, pamebaki utelezi mtupu.

Basi nikabaki pale, futi kumi juu ya maji, nimening'inia kwa vidole vya mikono na ncha za viatu. Kamba nene ilikuwa inaning'inia kiunoni imelegea. Nikianguka itanirudisha palepale kwenye tope, na nikirudi pale siinuki. Nikavuta nyembamba kwa meno. Mara tatu. Ikaja kidogo, ikasimama. Mapaja yalianza kutetemeka, kwanza taratibu, halafu kama cherehani. Niliwahi kuwaambia watu wengi watulie maishani mwangu. Miguu yangu ilinikatalia.

Sijui nilikaa pale muda gani. Ukucha mmoja uliachia. Nikasema moyoni, nihesabu kumi, halafu liwe liwalo.

Nilipofika saba, mchanga ukanidondokea.

Punje chache, kwenye kofia. Halafu zaidi, shingoni. Mtu anatembea mdomoni mwa kisima. Nikafungua kinywa kuita, mchanga ukaingia, nikaumeza. Kamba nyembamba ikasogea, ikakaza, na ikaja mkononi mwangu mvuto mmoja. Upo?

Nikavuta mitatu kwa meno. Kabla sijamaliza wa tatu, kiuno kikakazika, mkanda ukaninyanyua, miguu ikatoka kwenye vitundu. Winchi ilizungushwa siku hiyo kama ambavyo shemeji hajawahi kuizungusha tangu azaliwe. Nikagonga ukuta huku na huku mpaka mwanga ukawa mkubwa, nikashikwa kwapani, nikavutwa kwenye udongo mkavu, nikatapika.

Mashine ikazimwa ghafla, na mwenye nyumba akaja mbio.

"Nini? Nini? Fundi! Loo, uso wa bluu!" Akamgeukia Panzi. "Na wewe? Nimepita hapa mara mbili, umekaa kimya unaitazama kamba, nikasema huyu ndiye mtoto. Kumbe umelala macho wazi! Ungemuua baba yako, unajua?"

Panzi alikuwa amepiga magoti, mikono imechunika kwa winchi. Nikaona anavyolipokea lile neno, ungemuua baba yako, analiweka ndani na kulifungia, na nikajua kwamba nisipolitoa sasa hivi ataishi nalo.

"Mama, mwache," nikasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Mimi ndiye niliyemkalisha. Kasimama bila ruhusa yangu, ndiyo maana mnaniona hai."

Mwenye nyumba akatazama tofali, akanitazama mimi, akaenda kuniletea maji.

Tukabaki wawili. Nilikuwa na hasira bado, lakini haikuwa na pa kwenda.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Hapa," akasema. "Nilikuwa naitazama, Baba, kama ulivyosema. Sikufumba macho hata mara moja. Nafikiri hata niliiona ikitingishika. Niliiona, lakini... haikuniambia kitu. Mwili ulikuwa umekaa, mimi sikuwepo. Halafu miguu ikaanza kuniwasha, nikasema potelea mbali, atanigombeza, nikainuka. Nilipoinuka tu nikashtuka. Nikasema, mbona muda mrefu hajavuta?"

"Sasa mbona hukuniambia kwamba ukikaa unapotea?"

"Nilikuambia."

Kweli aliniambia. Alikaa hapo hapo, viatu vyake nimeviambatanisha, akaniomba, na mimi nikamwambia atulie. Nikaona aibu, aibu ya mtu mzima mbele ya mwanawe, ambayo sijui kama nyinyi mmewahi kuionja.

"Hii ilianza lini?" nikamuuliza.

Akafikiri. Alikuwa ameshainuka, anatembea hatua nne huku, hatua nne kule, bila kujijua.

"Tangu nilipoanza kukaa vizuri," akasema. "Zamani nilikuwa nakurupuka, nagombezwa, lakini nilikuwa nasikia kila kitu. Halafu nikajizoeza, kwa sababu mlikuwa mnafurahi sana. Darasani nakaa hivyo hivyo, Baba. Namtazama mwalimu usoni kipindi kizima, anasema niko makini, na sijui alichofundisha. Miaka miwili sasa. Wewe umevuta kamba, ukajua hakuna mtu. Kule darasani hakuna anayevuta."

Nikakaa chini kwenye tope langu, mkanda bado kiunoni. Zilikuwa zimebaki wiki sita afanye mtihani wake wa mwisho.